Nimemfumia bibi zawadi kwa karata na sindano: mkanda na picha kwenye kitambaa kimoja (uzi mrefu, na makosa yangu yote yamo)

#1 UkiliWaBibi

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa nyuzi kwelikweli, asiyependa habari za kufuma apite salama.

Mimi ni mtu wa Pemba, ila miaka kadhaa sasa naishi Trondheim, Norwei, nahudumia wazee. Bibi yangu mzaa mama yuko Wete. Amesuka mikeka tangu hajavunja ungo, na mpaka leo macho yamefifia lakini vidole havijui habari hiyo. Mtu wa namna hii humpelekei shali la dukani. Ukimpa kitu chochote kilichosukwa au kufumwa, haangalii mbele. Anakigeuza, anatafuta mwisho wa uzi ulipofichwa, kisha anakuangalia wewe. Nimewahi kumpelekea blanketi la bei kubwa, akalikunja akalitia sandukuni mpaka leo.

Kwa hiyo mwaka jana nikaamua kumfumia kwa mkono wangu. Nikataka niweke pamoja ufumaji wa aina mbili niliojifunza huku kwenye darasa la jioni, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Nitaeleza kwanza aina zenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa nilikwama wapi.

Ya kwanza ni kufuma kwa kadi, Wanorwe wanaita brikkevev. Unakuwa na vibao vya mraba vyembamba, kila kimoja kimetobolewa matundu 4, tundu kila pembe. Kila tundu linapita uzi mmoja wa mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza. Kadi 10 ni nyuzi 40. Unazisimamisha zikiwa zimebanana kama slesi za mkate, mtande unaufunga upande mmoja kwenye kitasa cha mlango na upande wa pili kiunoni mwako. Sasa ukizizungusha kadi zote robo mzunguko, nusu ya nyuzi za juu zinashuka na nusu ya za chini zinapanda, mwanya unafunguka, unapitisha mshindio (uzi wa kukatiza), unaugonga, unazungusha tena. Hakuna kitanda cha mfumi wala mbao. Unachopata ni mkanda mwembamba na mgumu ajabu, kwa sababu nyuzi 4 za kila kadi zinajisokota kama kamba kila unapozungusha. Ni kamba 10 zimelala ubavu kwa ubavu, na mshindio umezichoma zote katikati. Mshindio wenyewe huuoni, unachungulia pembeni tu.

Ya pili ni picha ya kufuma kwa sindano. Mtande umetandazwa kwenye fremu, unachukua sindano butu yenye uzi wa rangi, unapita juu ya mmoja chini ya mmoja, ukifika rangi inapoishia unarudi. Kila rangi inakaa kwenye eneo lake, haivuki kitambaa kizima. Unaushindilia kwa uma mpaka mtande unapotea kabisa.

Mmeona tatizo? Kwenye mkanda mtande ndio kila kitu na mshindio umejificha. Kwenye picha mshindio ndio kila kitu na mtande umejificha. Mimi nikataka viwe kitu kimoja.

Naendelea, msichangie kwanza.

#2 Chumvi_Nyingi

Tumeshachangia. Uzi bila picha ni hadithi ya sungura.

#3 UkiliWaBibi

Picha hupati, zawadi ya bibi haitembei mitandaoni kabla haijafika kwake. Utasoma.

Jaribio la kwanza nilifanya kama mtu yeyote angefanya: nikafuma picha peke yake, nikafuma mkanda peke yake, nikaushona mkanda juu ya picha kwa mkono. Kwenye meza vilikuwa vinapendeza. Nilipoitoa picha kwenye fremu ikapumua, ikajivuta kidogo kama nguo ya sufu inavyofanya, lakini mkanda haukujivuta hata nukta, maana kamba 10 zilizosokotwa hazina huruma. Picha ikavimba chini ya mshono kama shavu lenye jino bovu.

Na mkanda wenyewe ulikuwa na lake. Nilitia nyuzi kwenye kadi zote kutoka upande mmoja. Kadi zote zikasokota upande mmoja, basi mkanda mzima ukataka kuzunguka. Ukiuachia mezani unajiviringa kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Dawa yake ni ndogo sana na nilishaambiwa darasani, sikusikia: kadi ya kwanza nyuzi ziingie kutoka kushoto, ya pili kutoka kulia, ya tatu kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kamba moja inasokota huku, jirani yake inasokota kule, zinabatilishana, mkanda unatulia.

Nikafumua yote. Siku 9 za kazi.

#4 FundiPindo

Mimi ni fundi cherehani miaka mingi, Kariakoo. Dada, ungekunja pindo la nyuma, ukapiga biasi, ukabandika mkanda juu yake, cherehani dakika 10. Shavu lenye jino lisingekuwepo. Watu mnapenda kujitesa.

#5 UkiliWaBibi

Fundi, nakubali ungefanya safi kuliko mimi. Ila humjui bibi. Yeye angeona mshono wa cherehani angeuliza, "Hiki kipande kimeungwa kwa nini, nyuzi zilikuishia?" Nilitaka asipate pa kuuliza.

#6 Mpiga_Juya

Naweka kambi hapa. Mimi ni mvuvi, Pangani, lakini habari ya mtande na kamba inanihusu. Kwanza tuambie uzi gani ulitumia, maana hiyo "nyuzi 4 zinajisokota" ukitumia nailoni itarudi kukupiga usoni.

#7 UkiliWaBibi

Mpiga_Juya umegonga penyewe, na utacheka. Kwa ufumaji wa picha wa Ulaya, uzi wa mtande unaopendwa sana ni uzi wa pamba wa kufumia nyavu. Uzi wa juya! Umesokotwa kwa nguvu, haunyooki ovyo, haukatiki ukigongwa na uma. Ndio niliotumia, mwembamba wa kwenye kadi na ule ule kwenye picha. Nailoni usiguse. Inavutika unapofuma, ukiitoa kwenye fremu inarudi, na inateleza kwenye mafundo.

#8 Mpiga_Juya

Nyavu za pamba nilizikuta kwa babu tu, siku hizi zote nailoni. Babu alikuwa anazichovya kwenye maji ya magome ya mikoko ili zisioze, zinatoka rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Kama unataka uzi wenye rangi isiyo ya dukani, hiyo ipo.

#9 UkiliWaBibi

Subiri, rangi hiyo ndiyo niliyohangaika nayo wiki mbili. Nitarudi hapo.

Sasa nieleze nilivyotoka kwenye mkwamo. Mwaka 2019 nilifika makumbusho ya merikebu za kale pale Bygdøy, Oslo, kabla hayajafungwa kwa ujenzi mpya. Kuna merikebu inaitwa Oseberg. Ilifukuliwa mwaka 1904 karibu na Tønsberg, ndani yake walizikwa wanawake 2, na mbao zake zinaonyesha kaburi lilifungwa mwaka 834. Walizikwa na farasi, mkokoteni, vitanda, vyombo vya kufumia na nguo nyingi. Ndani ya kaburi lile lile kulikuwa na kadi 52 za kufumia zikiwa bado na nyuzi zake, mkanda haujamalizwa. Na kulikuwa na vipande vya picha za kufuma, vyembamba, upana wa kama sentimita 16 mpaka 23, vyenye msafara wa farasi, mikokoteni na watu.

Kwa hiyo mtu mmoja, au nyumba moja, ilikuwa na vyote viwili zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Mimi nilipita pale nikasema "vizuri sana" nikaenda kunywa kahawa. Akili ilikuja kufunguka miaka baadaye, mwalimu wangu wa darasa la jioni aliponikuta natazama lile shavu langu. Akaniuliza: unadhani watu wa zamani walianzaje kitambaa?

Kitanda chao cha kufumia kilikuwa kinasimama kimeegemezwa ukutani, mtande unaning'inia na kuvutwa na mawe. Sasa mtande unaning'inia kutoka wapi? Kutoka kwenye mkanda. Walifuma kwanza mkanda mwembamba, mara nyingi kwa kadi, na kila walipopitisha mshindio hawakuuishia ukingoni. Waliuvuta nje upande mmoja ukawa kitanzi kirefu, wakautundika kwenye kigingi, ndipo wakazungusha kadi. Mkanda ukiisha, ubavuni mwake umeota ndevu ndefu za vitanzi. Mkanda unashonewa juu ya kitanda cha kufumia, zile ndevu zinashuka, na ndizo zinakuwa mtande wa kitambaa kizima.

Someni tena. Mshindio wa mkanda ndio mtande wa picha. Uzi ule ule. Uliojificha ndani ya mkanda unatoka nje na kujificha tena ndani ya picha. Hakuna mshono kwa sababu hakuna pa kushona.

Nilitoka darasani natembea kama nimepata mshahara mara mbili.

#10 Chumvi_Nyingi

52? Hizo si kadi za kufumia, wale bibi walizikwa na pakiti ya karata. Arubastini mpaka ahera.

#11 UkiliWaBibi

Unatania lakini kadi zangu ni karata kweli. Pakiti ya karata za plastiki, nimekata kila moja iwe mraba wa sentimita 6, nimezungusha pembe kwa mkasi zisikwaruze nyuzi, nikatoboa kwa panchi ya ofisini. Karata za karatasi zinachoka haraka, za plastiki zinadumu. Na ukiandika A, B, C, D kwenye matundu yake utajua ulizungusha mara ngapi hata ukiitwa katikati ya kazi. Mimi nilitumia zile za shupaza, ndiyo maana bibi alipoambiwa kwamba zawadi yake imefumwa kwa karata aliomba radhi kwa Mungu kwa niaba yangu.

#12 Mwanamvita

Mashallah, nimesoma tangu juu. Mimi niko Mombasa, hushona kofia za vito. Nna maswali. Vitanzi ulivuta vingapi? Na sindano itapitaje kama vimebanana?

#13 UkiliWaBibi

Mwanamvita, swali lako ndilo lililonigharimu jaribio la pili.

Nilivuta kitanzi kila nilipozungusha kadi. Mkanda wangu ulikuwa unakula mishindio 4 kwa kila sentimita. Kila kitanzi ni nyuzi 2. Hiyo ni nyuzi 8 za mtande kwa sentimita moja, na uzi wangu wa sufu wa picha ni mnene. Sindano ilikuwa inapita kwa kulia. Mshindio haukuweza kushuka ukaufunika mtande, ukabaki unaonekana kama vitone vyeupe kila mahali, picha ikawa kama ina ukurutu.

Mara ya tatu nilifanya hivi: mzunguko mmoja navuta kitanzi, mzunguko unaofuata napitisha uzi mwingine mwembamba tu, wa kuufunga mkanda, usiotoka nje. Vitanzi vikabaki 2 kwa sentimita, yaani nyuzi 4 za mtande. Hapo sindano ilipita na sufu ikafunika.

Vipimo vyangu, kwa anayetaka kujaribu: kadi 10, nyuzi 40 za sentimita 120 kila moja (nyingi zinapotea mwanzoni na mwishoni, mkanda unaobaki ni mfupi sana ukilinganisha na ulichokata, usilie). Mkanda wa sentimita 24. Vitanzi 48, kila kimoja kinashuka sentimita 34 mpaka kwenye kigingi. Kigingi ni muhimu, usikadirie kwa jicho. Kitanzi kimoja kikiwa kirefu kuliko wenzake kitalegea kwenye fremu, na utakiona kwenye picha mpaka kufa kwako. Vitanzi peke yake vinakula mita 33 hivi za uzi.

Jambo jingine la kadi: ukizungusha mbele tu, msokoto unajikusanya nyuma ya kadi, upande usiofumwa, mpaka kadi hazisogei. Unapaswa kurudi nyuma. Mimi nilizungusha 4 mbele, 4 nyuma, mwanzo mwisho. Ndiyo inayotoa ule ukingo wa vishale vinavyoelekea huku halafu vinageuka. Bibi angeuita ukili wa mkeka, na kwa macho tu unafanana nao.

#14 Mwanahistoria_Uchwara

Nataka kusahihisha kidogo. Kufuma kwa kadi hakukuanza Ulaya, kulianza Misri ya Mafarao. Upo mkanda wa Ramses huko Liverpool, mita 5 na ushei, umefumwa kwa kadi miaka 1,200 kabla ya Kristo. Tusiwape watu wa kaskazini kila kitu.

#15 UkiliWaBibi

Mkanda upo, na ni kazi ya kutisha, haki yao. Lakini habari ya kadi ina ubishi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwepo waliosema haukuwezekana bila kadi, baadaye wafumaji wengine wakaonyesha unafumika bila kadi hata moja. Mimi nimesimama na hao wa pili, kwa sababu msokoto ule ninaoueleza unaacha alama yake, na ule mkanda hauna msokoto huo.

Ila Misri hiyo hiyo, karne za mwanzo za Ukristo, walikuwa wanafuma kanzu za kitani zenye vipande vya picha za sufu katikati ya kitambaa, ndege, majani, nyuso za watu. Hazikushonewa juu. Zilifumwa humo humo kwenye mtande mmoja. Ukitaka kuisifia Afrika kwenye uzi huu, sifia hapo.

#16 Bint_Muttrah

Salamu kutoka Muscat. Mimi niliposoma kichwa cha habari nikadhani talli. Mama yangu alikuwa akisuka talli za mikono ya kanzu, za nyuzi na zari. Ni kitu hiki hiki?

#17 UkiliWaBibi

Bi mdogo, si hiki, ingawa macho yanadanganyika. Talli inasukwa kwa vidole juu ya ule mto, kajuja. Nyuzi zote zinapishana, kila uzi unakwenda kushoto na kurudi kulia, hakuna wa kusema huyu ni mtande na huyu mshindio. Kwa maana hiyo talli ni ndugu wa ukili wa bibi yangu kuliko ndugu wa kadi zangu. Nilifurahi Emirati walipoiandikisha UNESCO mwaka 2022.

Halafu umenikumbusha neno. Kiswahili cha zamani kina neno "taraza", ukingo wa hariri uliofumwa kwenye pindo la kitambaa cha kilemba. Kutarizi maana yake ya zamani ni hiyo, kutia ukingo kwa kufuma, kabla haijawa kazi ya sindano juu ya kitambaa. Mimi nimekaa Ulaya naambiwa "mkanda wa kuanzia", kumbe nyumbani tuna jina la ukingo wa kufuma, tena zuri zaidi.

#18 Bint_Muttrah

Taraza! Bibi yangu alikuwa akilitumia. Miaka sijalisikia.

#19 FundiPindo

Haya, nimerudi. Nilidhani unajitesa, sasa naona unajitesa kwa mpango. Picha ulichora nini? Twiga? Mlima Kilimanjaro?

#20 UkiliWaBibi

Bibi hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro na twiga hamhusu. Nilifuma karafuu zimeanikwa kwenye jamvi.

Si kwa sababu ya hisia tu. Picha ya kufuma inapenda pembe. Kila kitu ni ngazi, mistari ya kulala ni rahisi, ya kusimama ni shida, duara ni mateso. Nilijaribu kwanza tawi la mkarafuu lenye vikonyo, likatoka kama buibui aliyeanguka. Jamvi ni mstatili, ukingo wake ni mstatili, uwanja wa udongo ni mstatili. Karafuu kwa mbali ni vitone. Karibu nusu ya kazi nilipewa bure.

Ilibaki rangi, na hapa Mpiga_Juya asikilize. Karafuu iliyoanikwa siku moja si kahawia, ina wekundu ndani na baadhi bado zina ukijani. Kila kahawia ya dukani ilitoka kama matope. Mwishowe nilitia nyuzi 3 nyembamba kwenye tundu moja la sindano: 2 za kahawia na 1 nyekundu iliyopauka. Mistari michache mbele nabadilisha, 2 nyekundu 1 kahawia. Mistari mingine natia uzi mmoja wa kijani. Jicho linachanganya lenyewe. Ukiwa karibu unaona vurugu, ukienda hatua 3 nyuma unaona jamvi linanukia.

Makosa ya picha, nitaje mawili halafu nilale, nina zamu alfajiri.

Ukivuta mshindio sawasawa, picha inapata kiuno. Ya kwanza ilianza sentimita 24 juu, ikafika 19 katikati, kama kigoma. Uzi usiunyooshe. Ulaze kama upinde juu ya mtande, kisha ugonge chini kwa uma. Ule urefu wa ziada wa upinde ndio unaozunguka mtande mmoja mmoja. Nilipima upana kwa rula kila vidole viwili vya kazi, sikujiamini tena.

La pili, rangi mbili zinapokutana kwenye mstari wa kusimama, kila moja inageuka na kurudi kwake, na panabaki mwanya kama mfuko wa shati. Mdogo ni pambo, mrefu ni tundu. Ukingo wa jamvi ulikuwa sentimita 11 wima. Nikafanya rangi zote mbili zigeukie kwenye uzi mmoja wa mtande, zamu kwa zamu, kama watu wanaotumia kigingi kimoja kutundika nguo. Mpaka unakuwa na meno meno lakini umefunga. Wafumaji wakubwa wa Ulaya wa zamani walikwepa hilo kwa kuifuma picha ikiwa imelala ubavu, mistari ya kusimama ikawa ya kulala. Mimi sikuweza, mkanda wangu ulishaamua juu ni wapi.

#21 Mwanamvita

Na mwisho wa chini? Juu una mkanda, chini ulikata ukafunga mafundo?

#22 UkiliWaBibi

Sikukata! Hiyo ndiyo raha ya vitanzi. Chini kila kitanzi ni mviringo mzima, hauna ncha. Nilipokuwa nafuma niliviingiza kwenye ufito uliofungwa chini ya fremu ili mtande ukaze. Nilipofika chini, zikabaki sentimita chache za vitanzi vitupu zisizofumika, sindano haipiti. Nikaviacha. Nikatoa ufito wa kazi, nikaingiza wa mwanzi msafi. Picha inaning'inia na uzito wake.

Kwenye kitambaa kizima ncha za uzi ni zile za rangi tu, na hizo nimezirudisha ndani kandokando ya mtande, sentimita 2 kila moja. Nyuma na mbele ni sawa kabisa. Nilikaa usiku nageuza kama yeye, natafuta aibu.

#23 FundiPindo

Kabla hujaituma, ilaze kifudifudi, weka kitambaa kibichi juu, pasi isiguse, mvuke tu. Iache ipoe hapo hapo usiinyanyue. Sufu inatulia. Na mkanda upigwe mvuke pia, la sivyo utabishana na picha tena.

#24 UkiliWaBibi

Nimefanya jana usiku ulivyosema, fundi. Picha imelala kama maji. Ahsante, na nafuta kauli yangu kuhusu cherehani. Nusu.

#25 Chumvi_Nyingi

Swali la dhati sasa. Sufi si ile ya kujazia mito? Utafumaje?

#26 UkiliWaBibi

Hiyo ni sufi, ya mti wa msufi. Mimi nasema sufu, ya kondoo. Herufi moja, umepotea kilomita 8,000.

#27 Mpiga_Juya

Na sufu kwa joto na unyevu wa Pemba? Nondo watakula karafuu zako zote mpaka jamvi.

#28 UkiliWaBibi

Nimetia karafuu za kweli ndani ya bahasha. Pia nimeagiza isiwekwe sandukuni kama blanketi. Wadudu hao wanapenda giza na kukunjwa, kitu kinachoning'inia penye hewa na mwanga wanakihofia. Inabidi tu isipigwe na jua moja kwa moja, rangi itapauka.

Inaondoka Jumamosi na mtu wa nyumbani anayepita Dar kisha boti. Nitaleta mrejesho.

#29 UkiliWaBibi

Mrejesho, baada ya wiki 5. Samahani kwa kuchelewa.

Ilifika. Binamu yangu alinipigia kwa video ili nione. Bibi alipoipokea hakuiangalia mbele, kama nilivyosema. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Akapitisha kidole kwenye mkanda kutoka kushoto mpaka kulia, akashuka ubavuni, akarudi juu, akasimama pale mkanda unapokutana na picha. Akakaa hapo kidole kimoja muda mrefu hata nikadhani mtandao umekata.

Akasema, "Huu uzi watoka huku waingia huku." Nikasema ndiyo bibi. Akasema, "Haya," akampa binamu simu.

Nilikata tamaa kidogo, nisiwadanganye.

Juzi binamu kanitumia picha bila maneno. Ule mwanzi wangu wa chini umetolewa. Bibi amechukua ukindu, mbichi haujatiwa rangi, akaupitisha kwenye kila kitanzi, vitanzi 48 vyote, na kutoka hapo ameanza kusuka. Chini ya jamvi langu la sufu sasa umeota ukili wa kweli, vidole vinne upana, na nyuso za vishale zinaelekea kule zinakoelekea za kwenye mkanda wa juu. Bado haujaisha, chane za ukindu zinaning'inia kama nilivyowahi kuziona tangu utotoni.

Nimempigia, nikamuuliza mbona ametoa mwanzi. Kasema, "Uliviacha vitupu, n'kajua wanambia mie niendeleze."

#30 FundiPindo

Sasa hapo mimi nasimamisha cherehani kwanza.

#31 Mwanamvita

Kadi nimeshakata, 10, karata za mwanangu. Nimetoboa. Niambie tu uzi wa kwanza naanza tundu gani, A au D?

#32 UkiliWaBibi

A, upande wa juu ulio mbali nawe. D karibu nawe. Na kadi ya pili geuza uelekeo, kushoto kulia, usifanye kama mimi.